Debe la Viazi, Matamba hadi Matema

Kila mwaka, tukifika sura ya hali ya hewa,
mtoto mmoja huinua kidole:
"Mwalimu, umewahi kuona theluji?"
Nami husema nimewahi kuila.
Darasa zima hucheka. Nangoja wamalize.

Ilikuwa Julai, mimi na binamu yangu Tusekile,
siku nne za likizo, na viatu vya mtumba
tulivyovichagua Mwanjelwa kwa kuvinusa.
Tulilala Matamba chini ya blanketi tatu,
tukaamka meno yanagongana kama vikombe vya msibani.

Nje, uwanda wa Kitulo ulikuwa umeota mvi.
Kila unyasi umevaa ala ya kioo.
Hata kinyesi cha ng'ombe kimepambwa keki ya harusi.
Ukikanyaga, ardhi inatafuna.
Sakitu, wenyeji wanaiita, wakiitazama kwa chuki,
maana imekwisha waunguzia viazi vya bondeni.
Sisi hatukuwa na viazi.
Tusekile akang'oa jani, akalilamba. Nikafuata.

Ndipo akatupita Mama Seliwa Chaula,
gunia kichwani, shingo haitikisiki.
Akasimama. Akaona mikono yetu mitupu.
"Mnakwenda wapi?"
"Matema, ziwani."
"Kupeleka nini?"
Tukatazamana.
"Kutembea tu."
Akalitua gunia ili acheke vizuri.
"Asiye na mzigo hasafiri," akasema, "anatoroka."
Akatupimia debe moja, nusu kwa nusu,
akafunga ndani ya vitenge vyetu wenyewe,
akatangulia.

Sitadanganya kuhusu mteremko.
Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma:
aliyesema hayo aliteremka kutoka Ukinga
na viazi vinampiga kisogoni.
Usiku wa pili, Bulongwa, kwa dada yake Seliwa,
kucha ya kidole gumba ilibaki ndani ya soksi.
Nikaitupa motoni. Hakuna aliyenipa pole.

Asubuhi tukaanza kuvua.
Sweta kwenye pareto za mwisho.
Skafu msituni, penye utelezi,
ambapo Tusekile alikaa chini bila kutaka, mara nne.
Koti kwenye migomba ya kwanza.
Kisha kakao, kisha jasho,
kisha ziwa, bila kubisha hodi,
limejaa pale chini,
na Seliwa hata hakugeuza macho.
Alikuwa anahesabu: debe moja, vyungu viwili.

Soko la Jumamosi likatupokea kama watu wenye shughuli.
Viazi vyangu vikazaa chungu kimoja cha Wakisi,
chekundu, chepesi, tumbo limesuguliwa likang'aa.
Vilivyobaki tukavichemsha kwa maji ya ziwa.

Karibu na ufukwe palikuwa na jiwe limechomoza majini.
Kisiwa, akasema Tusekile. Chetu.
Tukakivamia, maji hadi kifuani,
sufuria juu ya kichwa changu, kichwa chenyewe kikicheka.
Kilitosha watu wawili, magoti yamekunjwa.
Tukala viazi vya baridi tukiwa tumelowa na joto,
miguu inaning'inia, samaki wadogo
wakikagua kidole changu kisicho na kucha.
Nikatazama juu, kule tulikotoka.
Wingu lilikuwa limefunga mlango.

Chungu kilipasuka njiani kurudi, karibu na Bulongwa.
Seliwa akaokota vigae, akasema vinafaa
kuchukulia makaa kwa jirani. Cha kwangu ninacho bado.
Wanafunzi hukipitisha mkono kwa mkono,
wanakinusa, sijui kwa nini.

"Sasa mwalimu, theluji ina ladha gani?"
Ile yangu ilikuwa na ladha ya nyasi.
Anayebisha, gari la kwenda Matamba
huondoka kabla ya jogoo kumaliza.
Aje na sweta.
Na asije mikono mitupu,
Seliwa bado anapita.